Maswali ya Wasomaji: Kiyoyozi cha Chumba cha Kulala na Fundi wa Kukifunga

*Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu, ninaishi Shangani hapa Mtwara, karibu sana na bahari. Baada ya mume wangu kulipwa fedha za korosho tumekusudia kuweka kiyoyozi katika chumba chetu cha kulala, chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5. Nyumba imeezekwa kwa bati, haina dari, na dirisha la chumba linatazama magharibi. Muuzaji anatushawishi tuchukue chenye nguvu ya kupoza ya BTU 18,000 ili tusije tukajuta, na ana fundi ambaye yuko tayari kukifunga jioni hiyohiyo kwa bei nafuu. Tunachohofia ni gharama ya umeme wa LUKU. Tufanyeje? — Mama Z., Mtwara*

Mama Z., kabla ya mashine tuzungumzie bati. Bati lisilo na dari chini yake hupigwa na jua kutwa nzima na kulishusha joto hilo chumbani, kiasi kwamba kiyoyozi chochote mtakachokifunga kitakuwa kikipambana kwanza na paa. Ningekuwa mimi, sehemu ya fedha za korosho ingekwenda kwenye dari ya jipsamu hata kama kiyoyozi kitasubiri mwezi mmoja zaidi, na dirisha la magharibi lingewekewa kivuli kwa nje, kwa sababu jua likishavuka kioo limekwisha kuingia ndani, na pazia haliwezi kulitoa.

Chumba chenu kina mita za mraba 14. Kipimo cha kuanzia ni BTU 600 hivi kwa kila mita ya mraba, yaani BTU 8,400. Kwa hiyo mkiweka dari na kivuli, kiyoyozi cha BTU 9,000 kinatosha, na msipoweka chukueni cha 12,000. Hicho cha 18,000 kitawaletea adha. Kati ya Novemba na Aprili kinachotutesa huku pwani ni joto pamoja na unyevu, na kiyoyozi hutoa unyevu pale tu kinapokuwa kinafanya kazi na maji yanachuruzika kwenye bomba lake. Mashine kubwa kupita kiasi hukifikisha chumba kwenye ubaridi uliotakiwa kwa dakika chache, ikanyamaza kabla haijakausha hewa, nanyi mkalala katika chumba cha baridi chenye shuka zilizolowa unyevu na nguo zinazoota ukungu kabatini.

Kuhusu LUKU, chagueni kiyoyozi cha inveta. Kile cha kawaida huwaka kwa nguvu zote, huzima, kisha huwaka tena. Cha inveta hupunguza mwendo wa kompresa, yaani mtambo unaosukuma gesi, kadiri chumba kinavyopoa. Tuchukulie kwamba cha kawaida cha BTU 9,000 kinakula uniti 5 kwa usiku mmoja wa saa nane, na cha inveta uniti 3.5. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ya TANESCO, ambayo pamoja na kodi na tozo ni takriban shilingi 356 kwa uniti, tofauti ni kama shilingi 16,000 kwa mwezi, au 96,000 kwa miezi sita ya joto. Basi ikiwa cha inveta kinazidi bei kwa shilingi 300,000, kitajilipa baada ya misimu mitatu na kidogo. Kama sasa mko katika kundi la matumizi madogo lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, jueni mapema kwamba kiyoyozi cha aina yoyote kitawatoa humo. Mkifika dukani someni kibandiko: gawanyeni kilowati za ubaridi kwa kilowati za umeme, na jibu likiwa chini ya 3 tafuteni kingine. Kisha kiwekeni nyuzi 26 pamoja na pangaboi, ambalo halili hata wati 100. Tofauti kati ya nyuzi 26 na nyuzi 20 mtaiona kwenye mita.

Sasa fundi, na hapa ndipo ningewaomba msiwe na haraka ya jioni hiyohiyo. Mwulizeni swali moja tu: ana pampu ya kuvuta hewa na geji zake za kupima shinikizo? Mabomba yakishaunganishwa hubaki na hewa yenye unyevu, ambayo lazima ivutwe kwa pampu kwa dakika 20 au 30, kisha geji itazamwe kama sindano inatulia ndipo gesi ifunguliwe. Fundi wa haraka hufungua gesi kidogo ili isukume hewa itoke, na unyevu unaobaki huchanganyika na oili na kuila kompresa polepole, wakati dhamana imekwisha na yeye hapatikani kwa simu. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari, bali huzunguka humo humo. Anayekuja kila mwaka kuongeza gesi bila kutafuta panapovuja kwa povu la sabuni anawauzia tatizo lilelile mara ya pili. Niliwahi kumlipa mmoja wa namna hiyo mara tatu kabla sijaelewa.

Dai cheti chake cha VETA cha majokofu na viyoyozi, na kwa kazi ya nyaya, leseni ya ufundi umeme ya EWURA. Kiyoyozi kiwe na waya wake kutoka kwenye ubao mkuu wa umeme, breka yake na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), pamoja na kifaa cha kukikinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, kinachochelewesha kuwaka kwa dakika chache umeme unaporudi. Bodi ya inveta haivumilii umeme wetu wa kuchezacheza. Hapo Shangani, sehemu ya nje isielekezwe baharini, vyuma vya kuishikilia viwe vimepakwa zinki, na isuuzwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila mwezi. Dukani chukueni risiti ya EFD, mwulizeni muuzaji kwa maandishi kama dhamana inakubali fundi wa nje, na sehemu ya ujira wa fundi izuieni hadi mashine ifanye kazi usiku mmoja.

*Shikamoo. Mama yangu mzee yuko Newala, ambako Juni na Julai asubuhi ni baridi. Nimnunulie hita ya bafuni ya papo kwa papo, au itamaliza umeme? — Kijana wa Newala*

Marahaba. Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 22 hadi 40 kunahitaji uniti 0.4 hivi, kwa njia yoyote ya umeme utakayotumia, kwa hiyo umeme wenyewe si gharama kubwa. Kasoro ya hita hiyo ni kwamba huvuta kilowati 4 au 5 kwa mpigo, yaani hadi ampea 20 na zaidi, na nyumba nyingi za zamani zina waya mwembamba usio na ethi. Kama huwezi kuweka waya mpya wenye breka yake, mchemshie mama maji kwa birika la umeme na kuyachanganya kwenye ndoo.