Matokeo ya sensa "yamechapishwa" mtandaoni: chapa iko wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nahariri taarifa za ofisi zinazowekwa kwenye tovuti. Niliandika kwamba matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 "yalichapishwa mtandaoni". Mkubwa wangu wa kazi akalikata neno hilo, akasema kuchapisha ni kwa wino na karatasi, niandike "yalipandishwa". Mwenzangu wa meza ya pili anataka "yalitangazwa". Vijana wa kitengo cha habari wao wanasema "yalipostiwa". Nani yuko sahihi? Na je, ni "mtandaoni", "kwenye mtandao" au "katika mtandaoni"?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Lirudishe neno lako. Matokeo ya sensa huchapishwa mtandaoni, na hakuna kanuni ya Kiswahili inayovunjwa kwa kusema hivyo. Hata hivyo mkubwa wako hakukosa sababu kabisa, na mwenzako wa meza ya pili ana hoja nzito kuliko anavyodhani. Tusiharakishe.

Chapa tuliipokea kutoka lugha za Bara Hindi, na kiini chake ni alama iliyogandamizwa juu ya kitu: mhuri, nembo, jina la mtengenezaji. Ng'ombe hutiwa chapa, bidhaa nayo huwa na chapa yake. (Kumchapa mtu kiboko ni habari nyingine, tuiache.) Mitambo ilipoingia ndipo tukapata kupiga chapa. Kisha lugha ikafanya jambo la busara: ikazitenga kazi mbili. Anayeendesha mtambo akaitwa mpigachapa. Anayetoa andiko hadharani na kubeba dhamana ya kilichomo akaitwa mchapishaji. Serikali ya Tanzania ina Mpigachapa Mkuu, na hilo ndilo jina la cheo chake. Mchapishaji wa vitabu, kwa upande wake, anaweza kufanya kazi hiyo hadi anastaafu bila kumiliki mtambo hata mmoja. Hupeleka kazi kwa mpigachapa, akalipa, akachukua vitabu vyake. Kwa maana hiyo kuchapisha kulishaachana na wino kabla intaneti haijafika kwetu. Kilichobaki ndani ya kitenzi ni lile tendo la kutoa andiko lililokamilika, lenye jina la aliyelitoa, watu walisome.

Mkubwa wako ana haki mahali pamoja. Katika mazungumzo ya kila siku, kuchapisha kunatumika pia kwa maana ya kutoa nakala kwenye printa: "nichapishie kurasa tano". Kwa hiyo sentensi kavu "Matokeo yamechapishwa" ina mashaka kidogo. Yamo kwenye karatasi? Yamo kwenye tovuti? Dawa yake ni kuongeza mahali: yamechapishwa kwenye tovuti ya ofisi, yamechapishwa kwa nakala za karatasi. Ukishataja mahali, mashaka yanakwisha na kitenzi kinabaki kilekile.

Na kama hoja ni kwamba kitenzi kiondoke pale kifaa kinapobadilika, itabidi tukate mengi. Mwaka 2022 makarani wa sensa nchini Tanzania walizunguka na vishikwambi, yaani tableti. Mkuu wa kaya aliulizwa maswali, karani akagusa kioo, majibu yakaenda. Lakini tuliendelea kusema karani "anajaza dodoso", na sikumsikia mtu akilalamika kwamba hakuna karatasi ya kujazwa. (Neno kishikwambi lenyewe lilichekwa sana lilipoanza kusikika. Sensa ile imelipa uraia.)

Sasa twende kwa mwenzako wa meza ya pili. "Yalitangazwa" ni sahihi, ila ni tendo jingine, tena la siku nyingine. Tarehe 31 Oktoba 2022, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Tanzania ina watu 61,741,120. Hapo ndipo mahali pa kutangaza: mwenye mamlaka anasimama, anasema, neno linashika. Kutangaza kuna sauti na kuna hadhira, na kwa kawaida hufanyika mara moja. Ila mtu anayetaka kujua kata yake ina watu wangapi, au wenye umri wa kwenda shule ni wangapi wilayani, hapati jibu kwenye hotuba. Anahitaji majedwali, na majedwali hayatangazwi, yanachapishwa. Kwa hiyo, ndugu mhariri, iulize taarifa yako: inazungumzia siku ile ya Dodoma, au inazungumzia ripoti ambazo msomaji anaweza kuzifungua? Ikiwa ni siku ile, mpe ushindi mwenzako. Ikiwa ni ripoti, neno lako limesimama.

Siku ile ya Dodoma lilisikika pia neno kuzindua, yaani "uzinduzi wa matokeo ya mwanzo ya sensa". Sitalipigia kelele, maana limeshazoeleka, lakini mimi silipendi kwa matokeo. Kuzindua kuna maana ya kumgutusha mtu aliyezama usingizini au katika mawazo, na kuna maana ya kufungua rasmi jambo linaloanza kazi: daraja, mradi, kampeni. Ripoti huzinduliwa bila taabu. Idadi ya watu haianzi kazi siku inaposomwa, watu walikuwepo.

Ila neno "mwanzo" katika maneno yale lilichaguliwa vizuri. Wengi huandika "matokeo ya awali" wakidhani ni kitu kimoja. Ukisema ya awali, msomaji anasikia kwamba huenda yakabadilika, kama kura ambazo hazijamaliza kuhesabiwa. Ukisema ya mwanzo, anasikia kwamba mengine yatafuata juu ya haya. Jumla ile ya watu 61,741,120 ndiyo iliyoendelea kutumika katika ripoti zilizofuata, kwa hiyo "mwanzo" ndilo neno lililosema kweli.

"Yalipandishwa" la mkubwa wako, pamoja na ndugu yake "yalipakiwa", ni maneno ya fundi. Yanaeleza faili kutoka kompyuta ya ofisi kwenda kwenye seva. Ni tendo la kweli na linahitaji jina, na jina zuri ni pakia, kwa sababu jozi yake ipo: tunapakia kwenda kule, tunapakua kuja huku. Sawasawa na shehena. Lakini msomaji hajali nani alipakia faili saa ngapi. Faili linaweza kupakiwa Jumatatu likakaa limefichwa, likafunguliwa kwa umma Alhamisi. Kuchapishwa kwake ni Alhamisi. Na faili likipakiwa kwa bahati mbaya likaonekana kabla ya wakati, hatusemi limechapishwa. Tunasema limevuja.

Kuposti kusikudharauliwe kupita kiasi. Kwenye mitandao ya kijamii, kule picha ya jedwali inapowekwa pamoja na maelezo mafupi, ndilo neno linalotumika na litabaki. Taarifa ya ofisi, hata hivyo, haisemi imeposti sensa. Ukiona chapisha ni zito mno kwa sentensi yako, tumia kutoa au kuweka: "ofisi imetoa matokeo ya ngazi ya wilaya", "majedwali yamewekwa kwenye tovuti". Haya ni maneno mepesi yasiyozeeka, na mara nyingi ndiyo bora. Epuka tu kuanika. Kinachoanikwa hadharani huwa ni cha kuaibisha.

Kuna kitenzi kimoja ambacho hukukiuliza, nacho ndicho kinachokosewa zaidi: kusambaza. Mwananchi anayelituma jedwali la sensa kwa marafiki zake anasambaza, hachapishi. Tofauti hii si ya walimu wa lugha peke yao. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2018, mjadala mkali ulihusu nani anaruhusiwa kutoa na kusambaza takwimu kwa umma, hasa zile zinazokinzana na takwimu rasmi. Mwaka 2019 masharti hayo yakalegezwa. Watu walibishana kuhusu vitenzi, na nyuma ya vitenzi palikuwa na adhabu. Ndiyo maana katika habari za takwimu sipendi mwandishi achanganye aliyechapisha na aliyesambaza. Mchapishaji wa matokeo ya sensa ya 2022 anajulikana: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali kwa upande wa Zanzibar. Wengine wote wananukuu, wanasambaza, wanachambua.

Swali la mtandaoni ni jepesi. Kiambishi -ni kimeshabeba maana ya mahali, kwa hiyo "katika mtandaoni" na "kwenye mtandaoni" ni kubeba mzigo mmoja mara mbili. Chagua: mtandaoni, au kwenye mtandao. Ukiwa na sifa mbele yake, achana na -ni: "kwenye mtandao wa ofisi", wala si "mtandaoni wa ofisi". Tovuti nayo haipendi -ni. Sikio linakataa tovutini ingawa sarufi haina neno. Na ukiweza kuitaja tovuti yenyewe, itaje. "Mtandaoni" ni kama kumwambia mtu kwamba kitabu kiko mjini.

Kwa kuwa umeniambia kazi yako ni kuhariri, ngoja nikuongezee yanayokwenda pamoja na haya. Usiandike "sensa imechapishwa". Sensa ni zoezi la kuhesabu; kinachochapishwa ni matokeo yake. Usiandike "idadi ya watu wameongezeka". Kilichoongezeka ni idadi, nayo imeongezeka. Ukisema watu, basi wameongezeka, na idadi ibaki nje ya sentensi. Kati ya sensa ya 2012, iliyohesabu watu 44,928,923, na hii ya 2022, idadi imeongezeka kwa watu 16,812,197, sawa na takriban asilimia 37. Hapo neno ni "kwa"; "hadi" ni ya pale mwisho wa safari: imeongezeka hadi 61,741,120. Nimewahi kusoma "imeongezeka hadi asilimia 37" na sikuelewa kilichokusudiwa, wala sidhani mwandishi alielewa.

Data na takwimu pia hazilingani. Majibu aliyokusanya karani ni data. Yakishajumlishwa na kupangwa kwa umri na jinsi, yakapata jedwali na kichwa cha habari, ni takwimu. Ofisi huchapisha takwimu. Data za mtu mmoja mmoja hazichapishwi na jina lake, kwa sababu aliahidiwa siri alipokuwa anahojiwa. Kwa hiyo kichwa cha habari "Data za wananchi zachapishwa mtandaoni" kitamtia mtu hofu bure, wakati kilichowekwa ni jumla za kata.

Nimesema jinsi, sikusema jinsia. Katika majedwali ya idadi, jinsi ni mwanamume au mwanamke kwa maumbile. Jinsia inabeba zaidi mambo ya nafasi na majukumu katika jamii. Kenya ilipochapisha matokeo ya sensa ya 2019, kati ya watu 47,564,296 ilionyesha watu 1,524 ambao hawakuwekwa kwenye safu ya wanaume wala ya wanawake. Kiswahili kilikuwa na neno lao tangu zamani, huntha, na vyombo vya habari vilivyolitumia vilifanya vyema kuliko vilivyozungukazunguka kwa maelezo marefu.

Jambo la mwisho linahusu mtandao moja kwa moja, kwa sababu karatasi haikuwahi kutuletea tatizo hili. Kitabu kikishatoka kimetoka. Ukurasa wa tovuti hubadilishwa, na anayebadilisha hupenda kuandika juu yake: "Matokeo ya sensa yamesasishwa." Sentensi hiyo ikatae. Kusasisha ni kukileta kitu kwenye sasa, na matokeo ya sensa hayawezi kuletwa kwenye sasa. Yanaeleza watu waliolala nchini usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022. Mtoto aliyezaliwa wiki iliyofuata hamo, na aliyefariki wiki iliyofuata bado yumo, hata ukurasa ufunguliwe mwaka gani. Kinachosasishwa, au kuhuishwa kama wanavyopenda kusema maofisini, ni tovuti. Jedwali likigundulika lina kosa, sema "limerekebishwa", na andika tarehe ya marekebisho. Na ofisi ikitoa namba mpya ya watu wa mwaka huu bila kupita nyumba kwa nyumba, hayo ni makadirio. Yape jina lake, yachapishe kwenye ukurasa wake, yasikae chini ya kichwa cha sensa.