Swichi ya usalama ya stata: maneno kwa wanagenzi wanaojitengenezea magari

Kila kundi jipya la wanagenzi linapoingia gerejini, haupiti muda mrefu kabla sijamkuta mmoja wao amelala chini ya dashibodi akiziunga nyaya mbili za swichi ya klachi, eti kwa sababu gari limekataa kuwaka. Kukataa kuwaka klachi isipokanyagwa ndiyo kazi pekee ya swichi hiyo. Gari la kiwandani huvumilia uhuni huu kwa kiasi, kwa kuwa breki yake ya mkono inashika na anayeliwasha ameketi kitini. Gari la kujitengenezea, lenye injini ya Toyota 5K juu ya chesisi ya kuchomelea, kwa miezi mingi huwashwa na mtu aliyesimama nje, viti havijafungwa na breki hazijatolewa upepo.

1. Swichi huongoza koili ya rilei tu, na rilei, yaani swichi inayovutwa na koili hiyo, ndiyo hupeleka umeme kwenye solenoidi ya stata. Stata ikizungusha injini hula zaidi ya ampia 100, na hata solenoidi yake, sumaku ya umeme inayoiingiza kazini, huhitaji ampia kadhaa ili ivute, ilhali koili ya rilei hutosheka na sehemu ndogo ya ampia moja. Ukiupitisha waya wa solenoidi katika swichi ndogo ya pedali, ncha zake zitaungua, na zikigandana utabaki na swichi inayopitisha umeme daima. Fyuzi ya ampia 5 inatosha kwa mkondo wa koili. Tafadhali msinifungie ya 30 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mfukoni.

2. Waya wa funguo uingie kwanza katika swichi ya klachi, ndipo ufike 86, ncha moja ya koili ya rilei. 85, ncha ya pili, iende moja kwa moja kwenye bodi, yaani bati la gari lililoungwa na hasi ya betri. Wengi wenu hupenda kugeuza: 86 mnaipa umeme wa funguo, kisha mnaiweka swichi kati ya 85 na bodi, kwa kuwa waya unakuwa mfupi na bodi iko jirani na pedali. Najua utamu wa njia hiyo, maana niliitumia na kuisifu mbele ya wenzangu. Waya niliupitisha katika tundu la bati bila mpira. Mtikisiko ukala ganda lake hadi shaba ikagusa bati, na tangu hapo koili ikawa na bodi ya kudumu, pedali ikanyagwe isikanyagwe. Fyuzi haikukatika, kwa sababu katika mpangilio ule mguso huo haukuwa na tofauti yoyote na swichi iliyobonyezwa. Sisi nasi hatukutambua, kwa kuwa fundi mwenye mazoea hukanyaga klachi kabla ya kugeuza funguo, na gari likaendelea kuwaka kwa adabu zote. Siku moja nilitaka kuona kama taa ya oili inawaka. Nikapenyeza mkono kati ya mabomba ya fremu, nikageuza funguo na kuipitiliza bila wasiwasi, kwa kuwa niliamini swichi ingegoma. Hata wenzo wa gia sikuutazama. Ulikuwa katika gia ya kwanza. Stata ililisukuma gari, injini ikashika, na gurudumu likampanda mguuni kijana aliyechuchumaa mbele akipima magurudumu. Mifupa miwili ya wayo ilivunjika. Alivaa kandambili, na tangu siku ile anayekuja kwangu na kandambili hurudi nyumbani. Yeye alinisamehe mapema kuliko nilivyostahili. Mama yake hakunisamehe, nami sikumlaumu.

Lau swichi ingekuwa upande wa moto, yaani kati ya funguo na 86, waya uleule kuchubuka penye bati lilelile kungekata fyuzi mara tu funguo ilipogeuzwa, nami ningepoteza asubuhi nzima nikinung'unika na kutafuta hitilafu. Mkondo huu hupangwa hivyo: waya ukikatika, plagi ikichomoka au ganda likichubuka, gari ligome.

3. Swichi ya taa za breki haifai, hata kama inaingia katika tundu. Hiyo hukaa juu ya pedali na kuunga umeme pedali inapoanza tu kushuka, wakati klachi bado imeshika. Ya stata hubonyezwa pedali ikikaribia sakafu. Kijana mmoja alibishana nami juu ya hili, akaigusa pedali kwa kidole gumba cha mguu ili anithibitishie kwamba inafanya kazi. Ilifanya kazi kweli: magurudumu ya nyuma, ambayo nilikuwa nimeyainua kwa stendi nikimngoja, yakaanza kuzunguka. Sasa ni fundi hodari kunishinda, ila msimwambie.

4. Kwa gia otomatiki, swichi iunge katika P na N tu. Irekebishe kabla ya kukaza bolti.

5. Pima kukataa kwake, si kuwaka kwake. Gari likiwa juu ya stendi, weka gia ya kwanza, achia klachi, geuza funguo: kimya. Kanyaga nusu: kimya. Chomoa plagi ya swichi, kanyaga hadi chini: kimya. Kisha irudishe plagi, achia pedali, mwenzako ashikilie funguo, nawe ugusishe kila upande wa swichi kwenye bodi kwa zamu. Upande wa funguo fyuzi itakatika, upande wa rilei hakutatokea kitu. Stata ikizunguka, umeifunga upande wa bodi, na kazi hiyo uing'oe yote kabla ya kwenda kunywa chai.