Ukifika Ujiji, usiishie kwenye mnara

Mara ya kwanza nilipompeleka mama mdogo Ujiji, tulikaa nusu saa tu. Tulipiga picha kwenye mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, tukaziangalia zile sanamu mbili ndani ya makumbusho, yake na ya Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, tukapanda daladala kurudi Kigoma mjini. Njiani akaniuliza, "Mwanangu, si ulisema walikutana kando ya ziwa? Mbona maji sijayaona?" Sikuwa na la kumjibu, na swali lile lilinikera wiki nzima.

Jibu lake liko ng'ambo, Kongo. Mto Lukuga ndio pekee unaotoa maji Ziwa Tanganyika, na zamani hizo mlango wake ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Ziwa likapanda. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi kile kikaachia, maji yakashuka mita kadhaa na ufukwe ukasogea. Kwa hiyo Stanley alipofika mwaka 1871, mawimbi yalikuwa karibu zaidi na mwembe ambao inasemekana walikutana chini yake kuliko leo. Miembe unayoiona sasa kwenye makumbusho inasemekana ni vizazi vya ule wa awali, uliokwisha kufa.

Nenda alasiri, kama saa tisa, jua likianza kulegea. Anza na makumbusho, na umwombe mwenyeji akusimulie habari za Susi na Chuma. Hao ndio watumishi waliokuwa na Livingstone hapo Ujiji alipokuwa mgonjwa, mali yake imeshauzwa, na Susi ndiye aliyemkimbilia Stanley kumlaki. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Inaniuma kuona wageni wakiondoka pale bila kuyasikia majina hayo. Uliza pia habari za misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Mji huu ulijengeka juu ya biashara hiyo.

Ukitoka getini, usirudi ulikotoka. Teremka na barabara kuelekea ziwani, kwa miguu. Utapita nyumba za zamani zenye baraza, na wazee wamekaa wakizungumza. Toa shikamoo kabla ya kuuliza lolote. Vaa kwa heshima, maana huu ni mji wa Waislamu wengi.

Ufukweni ndiko ninakokaa muda mrefu kuliko kote. Mafundi wanaunda maboti ya mbao kwa mikono. Siku moja nilimkuta fundi akitia kalafati: anasokota pamba iliyolowa mawese, anaisukumiza kwenye mwanya kati ya mbao mbili kwa patasi butu, anagonga mara tatu, anasogea kidogo. Nilimwomba ruhusa nikagusa pale alipomaliza. Kidole kilitoka na rangi ya chungwa na mwanya sikuusikia tena. Alisema wapo wanaotaka kuharakishwa, naye huwakatalia, kwa sababu boti likivuja katikati ya ziwa hakuna wa kumwita.

Ukiwakuta akina mama wanaanika dagaa, omba ruhusa kabla ya kutoa simu. Nunua hata kidogo. Dagaa wa Kigoma waliokaushwa vizuri hawana mchanga, wajaribu kwa kusugua wachache kiganjani.

Jambo moja wengi hawaliangalii ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, hivyo wavuvi hutoka usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwa kali. Chagua siku za giza. Uliza pia kama ziwa liko wazi, kwa sababu mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15.

Nilimrudisha mama mdogo mwaka uliofuata, siku za giza. Jua lilizama nyuma ya milima ya Kongo, vipe, yaani maboti ya wavuvi, vikatoka kimoja kimoja, na taa zikawaka huko mbali hadi zikawa kama mtaa mwingine juu ya maji. Alivua viatu, akaingia hadi vifundoni, akasimama hapo kimya mpaka bodaboda akaja kutuita.