Bustani ya Mboga Mombasa: Panga kwa Pepo na Maji, Si kwa Pakiti ya Mbegu

Ushauri mwingi wa kilimo cha mboga unaotufikia Mombasa umeandikwa kwa ajili ya watu wa bara, ambako usiku una baridi, udongo ni mwekundu na mzito, na sukuma wiki huota kando ya jiko bila kubembelezwa. Mtu wa Tudor au Mishomoroni akiufuata neno kwa neno hupata nyanya zinazochanua bila kuzaa, na dania inayotoa maua kabla ya kutoa majani ya kutosha kachumbari moja. Hapa tuko usawa wa bahari, nyuzi nne kusini mwa ikweta, na hakuna mwezi ambao baridi huzuia mmea kukua. Kinachogawa mwaka wetu ni upepo na maji: kusi, inayovuma kuanzia Aprili ikituletea mvua ndefu na baadaye hewa ya kupoa, na kaskazi, inayovuma kuanzia mwezi wa Desemba hivi hadi Machi kwa jua kali na ukavu. Mei peke yake kwa wastani huleta zaidi ya milimita 200 za mvua, ilhali Januari na Februari kwa pamoja hazifiki hata theluthi ya kiasi hicho. Anayepanga bustani bila kuzingatia tofauti hiyo atamwagilia sana na kuvuna kidogo.

Kabla ya kununua mbegu, chimba shimo la kina cha mkono mmoja mahali unapokusudia kulima. Kisiwani mara nyingi jembe litagonga mwamba wa matumbawe mapema sana, na udongo ulio juu yake huwa na chokaa nyingi, jambo linalozuia mimea kupata madini ya chuma hata yakiwamo ardhini. Ndiyo sababu majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Upande wa Bamburi, Nyali na Likoni shida kubwa ni mchanga, ambao hupitisha maji na rutuba kwa haraka. Dawa ya hali zote mbili ni moja, nayo ni mboji na samadi iliyooza, kwa wingi na kwa kurudia kila msimu, kwa sababu katika joto letu mboji huyeyuka upesi kuliko watu wanavyodhani. Samadi ya mbuzi naipenda kuliko ya kuku, ambayo ikiwekwa mbichi huunguza mizizi na ni lazima ikae wiki kadhaa ikichachuka kwanza. Penye mwamba karibu, usihangaike kuuvunja: jenga tuta lililoinuliwa kwa matofali au mawe, kina cha futi moja, ulijaze. Magunia na madebe yaliyotobolewa chini hufaa pia kwa pilipili, biringani na mboga za majani.

Suala la maji linataka maneno zaidi, maana ndilo linaloamua ukubwa wa bustani. Mji wetu hunywa maji yanayotoka mbali, kutoka Mzima huko Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, na Marere katika milima ya Shimba, na kila mkaazi anajua kwamba mfereji haukupi ahadi ya kila siku. Visima vingi vya kisiwani navyo vina maji ya chumvi. Mmea unaomwagiliwa maji ya chumvi huonyesha ncha na kingo za majani zilizoungua, na chumvi hiyo hujikusanya ardhini kila maji yanapokauka. Iwapo huna budi kuyatumia, yatumie kwa mimea inayostahimili, kama vile spinachi, na umwagilie kwa wingi mara chache badala ya kunyunyiza kidogo kidogo kila siku, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Kunde, pilipili na dania zitunzie maji matamu. Mvua ndefu ikija huosha chumvi iliyorundikana, na hiyo ni neema ambayo watu huisahau wanapolalamika kwamba mvua imezidi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika miezi ya jua kali, mita moja ya mraba ya mboga hutumia karibu lita tano kwa siku. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita nne basi humaliza mtungi mmoja wa lita 20 kila siku, na ukiwa unanunua maji kwa mwenye mkokoteni utajua mara moja kama mchicha wako una faida au ni fahari tu. Tandaza makumbi ya nazi yaliyochanwachanwa, majani makavu au nyasi juu ya udongo kwa unene wa vidole vinne, na kiasi hicho kitapungua waziwazi. Maji yaliyooshea mchele na mboga yasimwagwe kamwe. Yale ya sabuni ya kufulia na dawa ya madoa yasifike bustanini. Paa la mabati nalo ni kisima: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita 30 za mraba inaweza kukupa karibu lita 600, ukiwa na pipa la kuzipokea na kifuniko cha kuzuia mbu.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosa ni kivuli cha ukuta. Katikati ya mwaka jua letu hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba hupita upande wa kusini, hivyo uwanja mwembamba ulio kusini mwa nyumba ya ghorofa unaweza kukosa jua mwezi wa Julai na kuchomwa mwezi wa Desemba. Bustani yangu imebanwa kati ya nyumba na ukuta, kwa hivyo nilipanga matuta baada ya kutazama vivuli, na mboga zinazotaka jua la kutwa nazipa upande mmoja kipindi cha kusi na upande wa pili kipindi cha kaskazi.

Mwaka wa bustani kwangu huanza mwezi wa Machi, kungali joto. Huo ndio wakati wa kutia mboji, kuinua matuta na kuchimba mifereji ya kutolea maji. Wazee wa pwani walikuwa na hesabu yao ya miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, yaani siku ya mwaka mpya wa Waswahili, na wakulima na mabaharia waliitegemea. Mimi natumia daftari, ambalo ndani yake naandika siku mvua ya kwanza ya kweli iliponyesha na nilichopanda wiki hiyo. Usipande kwa mvua moja ya rasharasha. Ardhi ikishalowa vizuri, panda kunde, mchicha, maboga kwa ajili ya majani yake, na mstari wa mbaazi upande wa kusini, ambao utakuwa kinga ya upepo wakati kusi inapovuma kwa nguvu na hatimaye utakupa mbaazi za nazi. Muhogo uliopandwa wakati huu utakupa kisamvu kwa muda mrefu. Nyanya zisubiri. Majani yake hayapendi kulowa siku baada ya siku, ukungu huyashika, na mnyauko wa bakteria hupenda udongo wenye joto na maji mengi. Mche ulionyauka ghafla ukiwa bado kijani ung'oe, uutupe mbali, wala usiutie kwenye mboji.

Mbegu za nyanya zisie mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, katika kitalu kilichokingwa na mvua, ili miche ihamishwe mwanzoni mwa Julai. Kuanzia hapo hadi Septemba ndio msimu wetu bora, na kama una nguvu za msimu mmoja tu katika mwaka, zitumie huu. Mchana joto huwa karibu nyuzi 28 na usiku hushuka hadi nyuzi 21 hivi, kiasi ambacho chavua ya nyanya hufanya kazi yake vizuri. Mwezi wa Machi, mchana ukifika nyuzi 33 na usiku ukibaki karibu na 24, maua mengi hudondoka bila kushika tunda. Sukuma wiki, spinachi, vitunguu vya majani na dania pia ni vya wakati huu. Mbegu za dania zipondwe kidogo zigawanyike mara mbili kabla ya kusiwa, na zipandwe papo hapo zitakapokaa, kwa kuwa mche wa dania haupendi kuhamishwa. Sia kidogo kila baada ya wiki mbili badala ya nyingi kwa mara moja. Miche yote ihamishwe jioni, ikapumzike usiku kucha kabla ya kukutana na jua, na siku za mwanzo ikingwe kwa makuti.

Mvua za vuli, kuanzia Oktoba, si za kuaminika kama zile ndefu, lakini hutosha kuanzisha mchicha, kunde na bamia. Mchicha unaweza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne, na bamia huanza kuzaa karibu siku 50 hadi 60 baada ya kupandwa. Bamia, biringani na pilipili zilizokwisha kushika mizizi kabla ya Desemba ndizo zitakazovuka kaskazi pamoja nawe, zikisaidiwa na mzungwi, yaani mlonge, ambao hauna shida na ukavu. Matuta mengine yapumzishe chini ya matandazo. Kulazimisha sukuma wiki mwezi wa Februari ni kuwalisha vidukari na utitiri kwa gharama ya maji yako.

Wadudu wanafuata misimu pia. Konokono wakubwa hutoka wakati wa mvua, na kuwaokota usiku kwa tochi hushinda dawa yoyote niliyowahi kuuziwa. Kunguru hung'oa miche michanga mchana kweupe; wavu wa zamani wa kuvulia ukitandikwa juu ya vijiti unatosha. Kwa vidukari na inzi weupe natumia mbegu za mwarobaini, ambazo zimejaa mitaani bure: hupondwa, hulowekwa usiku kucha, maji yake huchujwa, hutiwa sabuni kidogo ya kipande, kisha hunyunyizwa jioni, kwa sababu jua huondoa nguvu yake. Minyoo fundo, adui mkubwa wa ardhi yetu ya mchanga, haionekani kwa macho. Ukimaliza kuvuna, ng'oa shina uangalie mizizi: uvimbe ulio ndani ya mzizi wenyewe ni kazi ya minyoo hiyo, lakini vinundu vya kunde vinavyobanduka kwa ukucha ni vya bakteria wema wanaorutubisha udongo, na havipaswi kukutia hofu. Palipokuwa na nyanya zenye uvimbe usipande bamia wala biringani msimu unaofuata, kwani zote ni chakula cha minyoo hiyo hiyo. Weka vitunguu, ongeza mboji, au liache tuta wazi lichomwe na jua la Januari na Februari.

Mbegu za kunde, bamia na mchicha chukua mwenyewe, kutoka kwa mimea iliyokuwa na afya, uzikaushe kivulini na kuzifunga ndani ya chupa pamoja na jivu kavu kidogo, maana unyevu wa hewa yetu huua mbegu zilizoachwa ndani ya karatasi. Ukilima aina mbili za bamia karibu karibu, mbegu zake zinaweza kuchanganyika, hivyo chagua moja ya kutunza. Za sukuma wiki itakubidi ununue kila mwaka, kwa kuwa mmea huo hungoja baridi ndipo utoe maua, na baridi ya namna hiyo haifiki Mombasa.