Baridi Nayo Ina Njia Yake: Maswali ya Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini

Kipupwe kimeshika, na maswali ya safari hii karibu yote yana sura moja: "Mbona kwangu hivi na kwa jirani vile?" Nimechagua matano.

*Nalima viazi mviringo kwenye kinyungu, Mufindi. Juzi nimeamka nikakuta majani yote meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Jirani yangu aliye mlimani kidogo viazi vyake vizima, na mbegu tulinunua pamoja. Kuna mtu ananiambia ni mkono wa mtu.*

Pole sana, mama. Mkono wa mtu haumo hapo. Ni sakitu, ile baridi ya kugandisha, na imepita njia yake ya siku zote.

Usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, ardhi huachia joto lake likapotelea angani. Mawingu yangekuwapo yangeifunika kama blanketi. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, ikipoa huwa nzito, kisha hutambaa kufuata mteremko kama maji mpaka ituame bondeni. Sasa kinyungu kiko wapi? Bondeni, kwa sababu ndiko unyevu unakobaki kiangazi. Pale pale panapokupa maji ndipo baridi inapokwenda kulala. Jirani yako yuko njiani tu, ilimpita ikashukia kwako.

Usiving'oe. Jani limekufa, lakini kiazi kiko chini ya udongo, na mara nyingi shina hutoa machipukizi mapya. Ngoja siku kumi hivi ndipo uamue. Mavuno yatapungua, hilo sikufichi. Maua ya Hifadhi ya Kitulo nayo huishi kwa ujanja huo huo: orkidi nyingi za kule zimeweka akiba yao kwenye viazi vidogo ardhini, kipupwe kinapita juu yake, mvua zikirudi zinachanua kana kwamba hakukuwa na kitu.

Mwakani angalia kwanza upande wa chini wa shamba. Kama kuna ua mnene wa matete au miti, toboa nafasi, kwani ua huo unaizuia baridi isitoke. Ukiona jioni anga ni jeupe na upepo umekufa, uwe umeshamwagilia udongo mchana, maana udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu. Kitalu kifunike kwa nyasi jioni, ukifunue jua likitoka. Kuhusu kuchoma takataka ili moshi uzuie sakitu, mimi nimewahi kukesha kwenye moshi huo. Nilichovuna ni macho mekundu, na viazi viliungua vilevile.

*Mahindi yangu ya Mbozi msimu uliopita yalikuwa na majani ya zambarau yakiwa bado madogo. Mwenye duka la pembejeo alinishauri niongeze mbolea ya DAP. Niongeze tena msimu ujao?*

Zambarau ni dalili kwamba mmea haupati fosforasi, ile iliyomo kwenye DAP. Haina maana kwamba shambani haimo. Mvua za kwanza zikija na baridi, udongo hulowa ukapoa, mizizi ikawa mivivu, na mhindi ukakaa na njaa huku chakula kiko jirani. Ikiwa majani mapya yalitoka ya kijani baada ya siku chache za jua, ilikuwa baridi tu, usitoe hata shilingi.

Kama rangi ile iliendelea mpaka mahindi yakafika magotini, shaka yangu iko kwenye tindikali. Udongo wenye tindikali nyingi una madini ya chuma na alumini yanayoikamata fosforasi na kuing'ang'ania. Kuongeza DAP juu ya hali hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu. Pima udongo kwanza, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole hakiko mbali na wewe. Chota sehemu nyingi za shamba, kina cha sentimita 20 hivi, ukwepe kichuguu na mahali palipokuwa zizi, na usitumie ndoo iliyowahi kubeba mbolea. Majibu yakisema tindikali ipo, chokaa ya kilimo ichanganywe na udongo mapema, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Ikirushwa siku ya kupanda haijapata muda wa kufanya kazi.

*Nina ekari mbili Mbarali, udongo mweusi wa mbuga. Nimeona wenzetu wa Rungwe wanavyopata hela ya parachichi. Nipande miche mingapi kwa ekari?*

Hata mmoja, ndugu yangu.

Rungwe na Usangu, tambarare yenu ya Mbarali, ziko mkoa mmoja lakini ni dunia mbili. Upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Nyasa, ukikutana na milima hupanda, hupoa na kumwaga mvua upande ule. Ndiyo maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukivuka huku Usangu umeshakauka, na huku chini joto ni kali. Juu ya hilo, udongo wa volkano wa Rungwe ni mwepesi, unapitisha maji. Wa kwako ukilowa hufunga, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Mizizi ya parachichi haivumilii kutuamiwa na maji: hukosa hewa, ukungu wa udongoni huingia, mti unaanza kunyauka kutoka juu huku umesimama ndani ya maji. Mbuga yako ni mali, ila ni mali ya mpunga.

*Nilikata vijiti viwili kwenye haidrenjia moja hapa Tukuyu. Cha katikati ya bustani kinatoa maua ya bluu, cha karibu na ukuta yanatoka ya pinki. Imekuwaje na mama yao ni mmoja?*

Hili swali nimelipenda. Aliyebadilisha rangi ni ukuta wako. Bluu ya haidrenjia hutokana na alumini, ile ile inayomsumbua mkulima wetu wa Mbozi. Udongo wenye tindikali huiyeyusha, mmea ukainywa, ua likawa la bluu. Saruji ya ukuta ina chokaa, na kila mvua huiosha kidogo kidogo hadi kwenye udongo wa chini yake. Tindikali inapungua, alumini haiyeyuki tena, ua linabaki pinki.

Kwa hiyo una kipimo cha bure uani. Pale panapotoa bluu chai ingefurahi, maharage yangelalamika. Ukitaka yote yawe ya bluu, hamisha kile cha ukutani, na uache kumwaga majivu ya jikoni bustanini. Ukipenda pinki, endelea kumwaga. Haidrenjia nyeupe hazina mambo haya, hubaki nyeupe.

*Nyanya zangu hapa Ilula zinaoza kitako zikiwa bado mbichi. Nimeshapiga dawa ya ukungu mara tatu.*

Acha kupiga dawa, huo si ugonjwa. Tunda limekosa kalisi (kalsiamu), na kalisi husafiri na maji. Ukimwagilia sana leo kisha ukaacha siku nne kwenye jua na upepo wa hapo Ilula, ncha ya tunda iliyo mbali na kikonyo ndiyo inayopunjwa, na kitako kinakufa. Mwagilia kidogo kidogo kwa ratiba, tandaza nyasi kavu kwenye mashina, na punguza urea, kwa kuwa inayasukuma majani kukua mbio yakanywa maji ya matunda. Zilizokwisha kuoza hazitapona. Zichume, uangalie zile zitakazofuata wiki mbili zijazo.