Nataka kazi ya kuchambua mwendo na mafuta ya meli: nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo chifu. Mimi ni enjinia wa tatu, mzaliwa wa Likoni. Nimesoma uhandisi wa meli hapa Mombasa na sasa nina mikataba mitatu, yote kwenye meli za mzigo mkavu. Mama anaugua sukari na mimi ndiye mtoto pekee, kwa hivyo natafuta njia ya kushuka melini kabla umri haujasonga. Nimeona kampuni za Dubai na Singapore zinatafuta wachambuzi wa pafomansi ya meli, lakini sifa wanazotaka zinanichanganya. Wengine wanataka mtu aliyekaa injini, wengine wanataka mtu wa kompyuta anayejua Python. Kazi yenyewe ni ipi hasa? Lazima nirudi chuo? Na mtu asiye na mjomba ofisini anaingiaje?

JIBU

Marahaba. Uchifu, yaani uenjinia mkuu, sikuufikia, nilishuka nikiwa enjinia wa pili, ila cheo nimekipokea kwa mikono miwili. Mpe mama pole zangu.

Kazi hii umeshaianza bila kujijua. Kila siku saa sita mchana mnapojaza ripoti ya adhuhuri, nyinyi wa chini, kwenye injini, mnatoa mafuta yaliyochomwa, RPM ya wastani (mizunguko kwa dakika), lodi ya injini (mzigo inaoubeba) na mafuta yaliyobaki kwenye matangi. Wa briji, wanaoongoza meli juu, wanaongeza maili, upepo, mawimbi na drafti (kina ambacho meli imezama). Ripoti ile ikitoka melini inaangukia mezani kwa mtu kama mimi. Napaswa kusema meli imekula mafuta kiasi gani kuliko ilivyostahili, na kwa nini. Kiasi kompyuta inakipiga yenyewe. Mshahara nalipwa kwa sababu ya hiyo "kwa nini".

Chukua meli ya tani 56,000, aina unayoijua. Propela yake ina pichi ya mita 4. Ingekuwa inajikaza kama skrubu kwenye ubao, ingesogea mita 4 kila mzunguko. Kwa RPM 110, siku nzima ni mizunguko 158,400, sawa na mita 633,600, au maili 342 za baharini. GPS inasema meli imekwenda maili 300. Maili 42 zimepotelea majini: slipu ya asilimia 12. Mafuta yaliyochomwa ni tani 28, wakati meli hiyohiyo, kwa mwendo huohuo wa noti 12 na nusu (maili za baharini kwa saa), ilipotoka chelezoni tumbo likiwa safi ilikuwa inachoma 24. Tani 4 zaidi kila siku. Mafuta yakiwa dola 550 kwa tani, ni dola 2,200 zinazotoka kwenye bomba la moshi kabla hujanywa chai ya jioni.

Hapo ndipo mtu wa kompyuta pekee anaposema "tumbo la meli limeota magamba na mwani, tupeleke wazamiaji". Ngoja kwanza. Kama meli ina kipimo cha nguvu kwenye shafti ya propela, kisome. Kikikuonyesha kW 5,700, gawanya: tani 28 kwa saa 24 kwa kW 5,700 unapata karibu gramu 205 kwa kila kilowati-saa. Injini ya mapigo mawili yenye afya haili hivyo. Basi ama injini ni mgonjwa, injekta au turbochaja, ama mita ya mafuta inadanganya, ama mafuta yenyewe ni hafifu, hayatoi joto la kutosha yakichomwa. Tumbo la meli halina kesi hapo. Kipimo kikisoma kW 6,650, unapata gramu 175, injini inakula kihalali, na sasa ndiyo uanze kutazama nje: magamba, mwani, propela iliyopinda au kuchakaa, hali ya hewa, drafti, jinsi meli ilivyoinama mbele au nyuma.

Wewe umeshawahi kubadilisha injekta saa tisa usiku, kwa hivyo ukiona 205 mwili unakusisimka. Aliyesomea takwimu peke yake anaona namba tu. Ndiyo maana matangazo yanakuchanganya: wanatafuta watu wawili ndani ya shati moja, na wanaowapata ni wachache.

Nikusimulie nilivyoaibika. Mwaka wangu wa kwanza ofisini, meli yetu moja ilitoka Mombasa kwenda Durban mwezi wa nne, kipindi cha maleleji, upepo umelala. Slipu ikapanda toka 8 hadi karibu 19. Nikaandika barua pepe ndefu yenye grafu tatu, nikapendekeza wazamiaji wakague tumbo Durban. Chifu wa meli akanijibu mistari miwili: RPM ni ileile, lodi ni ileile, joto la egzosti ni lilelile, je, ofisini hamna ramani ya mikondo?

Mtoto wa Tanga mimi! Mkondo wa pwani yetu unakimbia kaskazini mwaka mzima, na kusi ikishika unazidi nguvu. Mvuvi yeyote wa Kigombe angeniambia bure. Meli ilikuwa inapanda mlima wa maji wa noti moja na nusu. Ndani ya maji ilikuwa inakwenda noti 13 kama kawaida, ila GPS inapima mwendo juu ya ardhi, ikasoma 11.5. Logi, kifaa kinachopima mwendo ndani ya maji, ilikuwepo kwenye ripoti na ilisema 13. Niliidharau kwa sababu logi nyingi hazisomi sawasawa, na siku hiyo ilikuwa inasema kweli.

Tangu hapo siamini slipu ikija peke yake. Mkondo unapandisha slipu bila kuigusa lodi, kwa sababu propela haijui kama maji yote yanahama. Tumbo likiota, kwa RPM ileile slipu inapanda na lodi inapanda nayo; propela inakuwa nzito. Upepo wa mbele na mawimbi navyo vinaleta sura hiyohiyo ya uzito, ila vinapita baada ya siku mbili, magamba hayapiti. Wazee wa majahazi waliokuwa wakipandisha chombo ufukweni, wakakwangua na kupaka deheni, walikuwa wanaifanya kazi hii bila Ekseli.

Jambo jingine utakalolijua kuliko wenzako ni uongo wa ripoti. Ukikuta meli imeandika tani 26.0, 26.0, 26.0, siku tano mfululizo, huku upepo ukibadilika toka 2 hadi 6 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort, ujue mtu anapika namba. Mara nyingi chifu anajiwekea akiba isiyoandikwa, asije akaishiwa na kuulizwa maswali. Wewe unamjua mtu huyo, pengine umekaa naye mezani. Usimwandikie kama polisi. Mimi hupiga simu, naulizia familia, halafu naulizia matangi. Ukimdhalilisha mara moja, hutapata namba ya kweli kutoka meli ile mpaka abadilishwe.

Kwa nini kazi zimeongezeka? Zamani sababu kubwa ilikuwa mkataba wa kukodisha. Mwenye meli anaahidi mwendo fulani kwa mafuta fulani, hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa kawaida isiyozidi Beaufort 4. Mbele ya namba kuna neno "karibu", ambalo kwa mazoea linampa nafasi ya nusu noti kwenye mwendo na asilimia 5 kwenye mafuta. Ugomvi wa fedha nyingi umezaliwa ndani ya neno hilo, na kila upande unahitaji mtu wa kupiga hesabu.

Kisha zikaja sheria. Tangu 2023 meli za GT 5,000 na zaidi (GT ni kipimo cha ukubwa wa meli) zinapewa daraja la hewa ya ukaa, A hadi E, kwa kanuni za IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa. Kila tani ya mafuta mazito inahesabiwa kuwa imetoa tani 3.114 za kaboni dayoksaidi, kisha unagawanya kwa uwezo wa meli wa kubeba na maili ilizokwenda. Ukipata E mwaka mmoja, au D miaka mitatu mfululizo, lazima uandike mpango wa kujirekebisha. Hesabu hiyo mimi siipendi sana: meli ikikaa nanga wiki mbili nje ya bandari ikisubiri gati, jenereta zinachoma na maili ni sifuri, daraja linashuka kwa kosa la foleni. Na kwenye maji yetu ya moto, wiki hizo mbili ndizo magamba yanapojishikiza. Ulaya nao wamezitia meli kwenye soko lao la hewa ya ukaa: asilimia 40 ya hewa iliyotoka 2024, 70 ya 2025, kisha yote kuanzia 2026. Safari inayoanzia au kuishia nje ya Umoja wa Ulaya inahesabiwa nusu. Tani iliyochomwa bure sasa inalipiwa mara mbili.

Chuo? Hapana, si sasa. Anza na Ekseli hadi iwe kama spana mkononi: kuchuja siku za hali nzuri, kuchora nguvu dhidi ya mwendo, kupitisha mstari katikati ya nukta. Kisha Python kidogo, maktaba ya pandas ikutoshe mwaka wa kwanza, na SQL ya kuvuta data. Soma ukinzani wa maji na propela kutoka kitabu chochote cha usanifu wa meli. Ielewe kwa vidole kanuni kwamba nguvu inafuata mwendo mara mwendo mara mwendo: kutoka noti 14 hadi 12, nguvu inashuka kwa zaidi ya theluthi. Ni kanuni ya kukadiria tu, meli halisi zinaivunja, na kujua zinaivunja lini ni sehemu ya kazi. Ujue pia kiwango cha ISO 19030 cha 2016 kuhusu kupima tumbo na propela, angalau uweze kueleza kwa nini kinataka ulinganishe kipindi kwa kipindi badala ya siku kwa siku.

Shahada ya pili inaweza kuja baadaye, World Maritime University kule Malmö ikiwa utapata ufadhili. Karibu nawe kuna MTCC Afrika, kituo kilicho chini ya JKUAT katika mradi wa IMO, kinachoshughulika na matumizi ya nishati kwenye meli na bandari. Gonga mlango wao.

Kuhusu mjomba: mimi sikuwa naye. Kampuni inayokupeleka baharini ina ofisi ya ufundi, na ofisi hiyo inapokea ripoti zako kila siku. Anzia hapo. Ukiandika melini maelezo mazuri, kwa mfano "lodi imepanda 4 tangu tutoke nanga, hali ya hewa haijabadilika, nashuku tumbo", mtu anayesoma upande wa pili atakukumbuka. Zaidi ya hao kuna wakodi wakubwa, kampuni za kuelekeza meli kwa hali ya hewa, mashirika ya uainishaji kama DNV na Lloyd's Register, na watengeneza rangi za chini ya meli kama Jotun. Ukiajiriwa na muuza rangi au muuza kifaa, linda macho yako: anayeuza akiba ya mafuta ndiye pia anayechagua meli ilinganishwe na siku gani.

Fedha ya kuanzia huenda ikakuuma ukiilinganisha na ya baharini, na Dubai kodi ya nyumba haina huruma. Cheti chako usikiache kife. Ili kukihuisha kwa STCW, mkataba wa kimataifa wa vyeti vya mabaharia, kwa njia ya kawaida unahitaji miezi 12 ya bahari ndani ya miaka 5, au miezi 3 ndani ya 6 ya mwisho, kwa hiyo weka tarehe kwenye kalenda kabla hujashuka. Mimi nisingeacha bahari leo. Ningepanda mkataba mmoja zaidi, hadi uenjinia wa pili kama nafasi ipo, nikiwa na daftari langu. Data ya meli ni mali ya kampuni, usiihamishie kwenye flashi yako bila ruhusa. Waombe wenyewe, wengi watafurahi kwamba kuna mtu anaitaka.

Nikuachie kazi ya nyumbani, ndiyo ninayowapa vijana kwenye usaili. Meli ni ileile, drafti ileile, upepo Beaufort 3, RPM 110 siku zote tatu. Mwezi wa kwanza: lodi asilimia 60, slipu 8. Mwezi wa nne: lodi 60, slipu 17. Mwezi wa saba: lodi 70, slipu 17. Niandikie ni mwezi gani ningefungua ramani ya mikondo na mwezi gani ningewapigia wazamiaji, na kabla ya wazamiaji ungeniomba namba gani moja zaidi.