Steringi wa Texas, soda ya Mbagala na kesi ya farasi jike

*Shikamoo anko. Mi kijana wa Mbagala Rangi Tatu, tunaangaliaga sana picha za kikauboi pale kibanda umiza, zile zilizotafsiriwa. Juzi picha limeisha ubishi ukaanza, mwenzangu anasema wale Texas Rangers wenye nyota kifuani ni mambo ya sinema tu, mi nasema walikuwepo kweli. Tumewekeana soda. Nani anakunywa?*

Marahaba mwanangu. Soda ni yako, tena agiza ya baridi kabisa, walikuwepo na mpaka leo wapo. Ila wa kwenye picha na wa kweli ni kama nyama choma na picha ya nyama choma.

Iko hivi. Mwaka 1823 Texas ilikuwa bado ni Meksiko, na kulikuwa na jamaa mmoja anaitwa Stephen Austin aliyekuwa analeta walowezi kutoka Marekani kuja kulima pale kwa ruhusa ya serikali ya Meksiko. Wenye zile mbuga, Wakomanche na wenzao, hakuna aliyewauliza, sa mapigano hayakosekani, ndo Austin akataka watu 10 wa kuzunguka zunguka kulinda walowezi, na hata hilo jina la Rangers limetokana na huko kuzunguka. Mwaka 1835 wakaundwa rasmi. We usiwaze polisi wenye sare na karandinga, hawa walikuwa kama mgambo tu, farasi wako, bunduki yako, ukiitwa unakuja, kazi ikiisha unarudi shambani.

Mwanzoni walikuwa wanachapwa. Bunduki za wakati ule ukishapiga moja unaanza upya kushindilia baruti kama gobole, na Mkomanche juu ya farasi anakutumia mishale mfululizo we bado unashindilia. Kilichogeuza kibao ni bastola ya Samuel Colt yenye silinda ya kuzunguka. Mwaka 1844 kapteni wao Jack Hays na vijana wake waliingia nazo vitani, risasi tano tano kila bastola, na mmoja wa wale vijana, Samuel Walker, baadaye akakaa na Colt wakatengeneza kubwa zaidi ya risasi sita, ikatoka 1847. Ile bastola ilikuwa na uzito wa kilo 2. Nenda dukani kwa Mpemba shika pakiti ya unga ya kilo mbili kwa mkono mmoja, unyooshe, halafu ulenge mtu huku upo juu ya farasi anayekimbia. Ukiona steringi anaizungusha kwa kidole kimoja, ujue hiyo ni ya kukodishia viti vya kibanda.

*Kaka habari za kazi. Na mimi naomba kuuliza, mbona kwenye hizo picha adui kila siku ni Mmeksiko? Walikuwa wabaya kiasi hicho? — Dada wa Tandika*

Nzuri dada yangu. Swali lako ndo lenyewe hasa, ngoja nikae vizuri.

Texas ilijitenga na Meksiko 1836, 1845 ikaingizwa Marekani, mwaka uliofuata vita. Ugomvi mmoja mkubwa ulikuwa mpaka, Meksiko inasema unaishia mto Nueces, Texas inasema hapana, unashuka mpaka mto Rio Grande, na katikati ya ile mito miwili kuna nchi nzima ya malisho na watu wenye ng'ombe zao wanaoongea Kihispania tangu enzi za mababu. Februari 1848 mkataba ukasainiwa, mpaka ukawa Rio Grande. Kwa hiyo kuna mtu kalala Meksiko kaamka Marekani, hajahamisha hata jiko. Hati yake ya shamba ya tangu enzi za mfalme wa Hispania sasa inasomwa mahakamani kwa Kiingereza na watu wanaolitaka hilo hilo shamba. Mimi niliwahi kuwa tandiboi wa lori la Tunduma, nimeona mpaka unavyokata katikati ya watu wa kabila moja, shangazi huku mjomba kule, ila pale angalau kila mtu unamsikia anaongea nini.

Sa huyo adui wa kwenye picha anazaliwa hapo. Julai 1859 pale Brownsville, Juan Cortina, mtoto wa familia yenye mashamba, alimkuta askari wa mji anampiga kwa bastola kichwani mzee aliyewahi kufanya kazi kwao, akamwambia aache, hakuacha, Cortina akampiga risasi ya bega akampakia mzee kwenye farasi wakaondoka. Septemba akarudi na watu wake akauteka mji. Kwa Wamarekani jambazi, kwa watu wa ule mto shujaa, na Rangers wakatumwa kumkimbiza.

Nisiwaonee lakini. Wizi wa ng'ombe ulikuwepo wa kweli, mifugo inavushwa mto usiku kwenda kuuzwa Meksiko. Mwaka 1875 kapteni mmoja wa Rangers, McNelly, akapewa kazi ya kuukomesha, na siku moja mwezi wa Novemba akavuka Rio Grande na watu kama 30 hivi, akaingia nchi ya watu bila ruhusa ya serikali yoyote (chukulia mgambo wa Tunduma wavuke Nakonde usiku na silaha eti wanafuata ng'ombe). Shamba la kwanza walilovamia wakaua watu. Kumbe sio lenyewe, lenyewe liko mbele. Wakaendelea, na mwishoni kuna ng'ombe walirudishwa kweli, na mpaka leo anasifiwa kwa wale ng'ombe. Wale wa shamba la kwanza wanapitwa haraka haraka kwenye stori.

Ila ninayoipenda kuisimulia ni ya Gregorio Cortez. Tarehe 12 Juni 1901 sherifu wa wilaya ya Karnes alienda nyumbani kwake kuulizia farasi aliyeibiwa, akiwa na mtu wa kumtafsiria. Mtafsiri akamuuliza Cortez kama amebadilishana farasi na mtu, ila akatumia neno la Kihispania la farasi dume. Cortez akajibu hapana, na alikuwa anasema kweli, maana yeye alibadilishana farasi jike, na jike kwa Kihispania ana jina lake kabisa. Ni sawa na mimi nije kwako nikuulize umeuza jogoo, we umeuza mtetea, utajibuje? Mtafsiri akamgeukia sherifu, kakataa huyo. Sherifu akasema mwambie namkamata, Cortez akajibu kwamba huwezi kunikamata bila kosa, na hilo nalo likafika limepinda, kwamba hakuna mzungu wa kumkamata yeye. Sherifu akachomoa bastola, akampiga kaka yake Cortez, Cortez akampiga sherifu akafa. Yote hayo kwa sababu ya jogoo na mtetea.

Akakimbia siku 10, mamia ya watu nyuma yake, Rangers wakiwemo, njiani kukawa na mapambano mengine na sherifu wa pili naye akafa. Alitembea kwa mguu zaidi ya maili 100, na kwa farasi zaidi ya 400. Wakamkamata karibu na Laredo, akahukumiwa maisha, gavana akamsamehe 1913. Watu wa mpakani wakamtungia wimbo na unaimbwa mpaka leo. Kwahiyo dada, kwenye kibanda cha ng'ambo ya pili ya mto, steringi ni yeye.

Na kuna ambayo haikutungiwa picha la kikauboi. Usiku wa tarehe 28 Januari 1918, kijiji kidogo cha Porvenir kando ya mto huo huo, Rangers wa kikosi B pamoja na wafugaji wa jirani na wanajeshi waliingia, wakawatoa wanaume na vijana 15 wakawapiga risasi. Kapteni akaandika kwenye ripoti kwamba walishambuliwa wakajibu. Bahati mbaya kwake kulikuwa na mwalimu wa shule, Harry Warren, mmoja wa waliouawa alikuwa mkwe wake, alifika akaziona zile maiti akaandika majina yao moja moja. Kikosi kikavunjwa mwaka huo huo, lakini mahakamani hakupelekwa mtu. Mwaka 1919 mbunge mmoja, José Canales, ambaye bunge zima la wawakilishi la Texas alikuwa peke yake mwenye asili ya Meksiko, alileta mashtaka 19 dhidi ya Rangers wakati ameshatishiwa na Ranger mmoja, Frank Hamer, yule yule aliyekuja kuongoza kikosi kilichowaua Bonnie na Clyde, wale majambazi wapenzi, 1934. Ushahidi ukajaa kurasa zaidi ya 1,000, idadi ya Rangers ikapunguzwa, makaratasi yakafungiwa mpaka miaka ya 1970. Waliouawa kwenye ule mpaka miaka hiyo, wanaohesabu wanaanzia mamia wanaenda mpaka maelfu.

*Anko shikamoo, kulikuwa na sherifu mweusi au ndo mpaka waigize tu? — Mwanafunzi, Gongo la Mboto*

Marahaba. Alikuwepo, na sio Texas, juu yake kidogo, sehemu iliyokuwa inaitwa Nchi ya Wahindi Wekundu, Oklahoma ya sasa. Bass Reeves, kazaliwa mtumwa 1838, akatoroka akaishi na wale wenyeji akajua lugha zao, na 1875 akaajiriwa kuwa naibu mashali, yaani askari wa mahakama ya serikali kuu, chini ya jaji Parker wa Fort Smith, jaji ambaye watu 79 walinyongwa kwa hukumu zake. Reeves alifanya kazi miaka 32, alikamata watu zaidi ya 3,000. Kusoma hajui. Hati za kukamatia alikuwa anasomewa anazikariri, akifika anachomoa ile yenyewe. Alimkamata mpaka mwanae wa kumzaa, kwa kesi ya kumuua mkewe.

We soma lakini, usije ukatumia hiyo kama kisingizio kwa mama yako.

*Mzee mwenzangu, mimi sonara hapa Kariakoo. Hiyo nyota ya Rangers ni fedha ya kweli au bati? Kuna mteja anataka nimchongee.*

Ni fedha, na ujue wale wa zamani wengi wao nyota hawakuwa nayo kabisa, alikuwa na karatasi mfukoni na bastola. Za sasa, tangu 1962, zinakatwa kutoka kwenye sarafu ya fedha ya peso 5. Ndio, ya Meksiko. Ndani wanatoboa wanaacha nyota, nje inabaki duara, kwahiyo ukimchongea mteja wako anza na duara kwanza.